Minyoo kwa mamba wa kufugwa: maswali tunayoulizwa kila mara

Nimekaa na mamba miaka mingi kidogo, nikaanza kama mtu wa ndoo, yaani yule anayebeba chakula asubuhi na kuosha bwawa jioni, na maswali haya nayapata kila mara kutoka kwa wenye mabanda, vijana wa mazoezi wa chuo na wageni tu waliolipa kiingilio. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Mengi nayazungumzia kwa mamba wetu huyu wa Nile ndo ninayemjua, wengine nikiwagusa nitasema.

Hivi mamba naye anapata minyoo? Si ana asidi tumboni ya kuyeyusha mifupa?

Anapata, tena wa kila aina. Asidi yake ni kali kweli ila kuna minyoo makazi yao ni humo humo tumboni, ndugu zake chango tunazozijua kwa watu na mbwa, weupe, wameviringana kama tambi, wengine unawakuta wamezamisha kichwa kwenye ukuta wa tumbo na pale wamekaa pamebaki kidonda. Kundi lao mojawapo linaitwa Dujardinascaris, jina gumu lakini ukipeleka sampuli maabara unaweza kuliona kwenye karatasi ya majibu usishtuke. Ukiacha hao kuna minyoo bapa wa utumbo, wapo wa mapafu, wapo wa misuli na wapo wa ngozi. Mamba mkubwa wa mtoni ukimpasua bila kukuta mnyoo hata mmoja ndo cha kushangaza. Wamezoeana, anaishi nao mpaka anazeeka. Tatizo linakuja kwa mamba mdogo, au aliyebanwa, au anayepigwa na baridi, huyo kinga yake iko chini na wale wageni wanageuka wenye nyumba.

Sisi tunaangua mayai wenyewe, minyoo inatoka wapi sasa?

Swali zuri kuliko yote hapa. Kifaranga akitoka kwenye yai anatoka safi, mama hampi minyoo kupitia yai. Kwa hiyo ukikuta mnyoo kwa mamba wa miezi 8 aliyeanguliwa mikononi mwako, ujue kaingizwa na wewe, au kwa ndoo ya chakula, au kwa maji, au kwa udongo anaolalia.

Wengi wao njia yao ni hii: yai la mnyoo linatoka na kinyesi cha mamba mkubwa, linaingia majini, linamezwa na kiumbe kidogo au linampata konokono kwanza kama ni wale bapa, halafu linafika kwa samaki, samaki analiwa na mamba, mduara umefunga. Bila samaki au konokono hapo katikati minyoo wengi hawana pa kupita. Ndo maana banda la zege lenye maji yanayobadilishwa na chakula kisichotoka mtoni linaweza kukaa miaka bila shida, na bwawa zuri la asili lenye matete na perege, lile wageni wanalipiga picha, ndo linakuwa kiwanda.

Tuna perege kwenye bwawa hilo hilo la mamba, tunawavua tunawapa vifaranga. Ni chakula cha bure, ubaya uko wapi?

Hapa nitakaa kidogo manake nimeona watu wakilia.

Kuna wadudu wanaoishi kwenye mapafu ya mamba, sisi tunawaita tu minyoo wa mapafu, kitaalamu pentastomidi. Mkubwa anakaa kwenye mapafu au kwenye koo la hewa, anakunywa damu, anataga mayai, mamba anayakohoa anayameza anayatoa na kinyesi. Kwenye maji samaki anayameza, ndani ya samaki yanageuka kiluwiluwi kinachojificha kwenye nyama na matumbo, na mamba akimla huyo samaki mbichi kiluwiluwi kinatoboa utumbo kinasafiri mpaka kwenye mapafu. Mamba wa Nile ana wake anaitwa Leiperia, huyo ana tabia mbaya zaidi, kabla hajakomaa anapitia kwenye mishipa mikubwa ya damu karibu na moyo ndo aje amalizie kwenye koo la hewa. Sasa fikiria kifaranga mwenye urefu wa rula mbili, mapafu yake madogo kama vidole, ndani yake wamo kumi. Hata Marekani vifaranga wa aligeta, yaani ndugu wa mamba wa kule, wa kufugwa wamewahi kufa kwa ndugu zao hawa wanaoitwa Sebekia, hivyo si shida ya Afrika peke yake.

Kwa hiyo ubaya uko hapo: ukiweka mamba wakubwa na samaki bwawa moja, halafu ukavua samaki hao hao ukawapeleka mbichi kwa watoto, umeshona mduara wote kwa mkono wako mwenyewe. Sehemu moja niliyowahi kufanya kazi walifanya hivyo misimu miwili mfululizo, bosi akifurahia kuokoa hela ya chakula, na vifaranga wakawa wanakufa mmoja mmoja, leo huyu kesho yule, tukalaumu baridi, tukalaumu umeme kukatika, mpaka siku mmoja alipasuliwa vizuri na mtu anayejua na mapafu yakafunguliwa mbele yetu. Hakuna aliyesema neno.

Dawa yake ni friza. Gandisha samaki. Sisi siku hizi tunaacha wiki nzima kwenye friza la kweli lisilofunguliwa funguliwa, siyo lile la jikoni lenye soda na barafu za watoto ambalo kila dakika mtu ameingiza mkono. Kumpika pia kunaua, ila mamba wengi hawapendi samaki wa kupikwa na kazi inakuwa nyingi. Samaki wa baharini hatari yao kwa minyoo hii ni ndogo, lakini ukiwalisha hao peke yao unakuja na mambo mengine ya upungufu wa vitamini, hiyo ni mada nyingine.

Nimesoma hao wa mapafu siyo minyoo kabisa, ni kweli?

Kweli. Kiukoo hao wa mapafu wapo karibu na kaa na kamba kuliko na chango. Wana umbo la mnyoo tu, na ndoano mdomoni. Kwa mfugaji haibadilishi kitu isipokuwa hapa: dawa ya minyoo ya kawaida usitegemee iwafanye chochote.

Tukichinja mamba tunabaki na nyama nyingi na vichwa na matumbo. Tuwape mamba wengine?

Hapana. Hapana tena.

Hii ilishatokea na inajulikana. Mwaka 1995 Zimbabwe walikuta kwenye nyama ya mamba wa mashambani viluwiluwi vya Trichinella, yule mnyoo anayekaa ndani ya misuli ambaye dunia ilikuwa inamjua zaidi kwa nguruwe. Walipopima mashamba wakakuta karibu mamba 4 kati ya 10 wanaye. Kwani alienea vipi? Mashamba yalikuwa yanawalisha mamba nyama ya mamba wenzao waliochinjwa. Mmoja akiwa naye, nyama yake inakatwa vipande, inaingia kwenye ndoo, bwawa zima linapata. Mwaka 2002 wataalamu wakathibitisha kwamba ni aina yake peke yake wakaipa jina Trichinella zimbabwensis. Baadaye ikapatikana kwa mamba wa porini Msumbiji na Afrika Kusini, na kwa kenge pia. Kule Papua New Guinea wana ndugu yake, Trichinella papuae, na huko mamba wa maji chumvi wa mashambani waliipata kwa kulishwa nyama ya nguruwe pori.

Kinachotisha ni kwamba mnyoo huyu anaishi kwa mwenye damu baridi na kwa mwenye damu moto vilevile. Mamba, kenge, simba, nguruwe, panya wa maabara, wote wamo. Na mamba mwenyewe mara nyingi haonyeshi lolote, anakula, ananenepa, ngozi inang'aa, ungeapa ni mzima.

Basi mabaki ya mamba choma moto au fukia chini kabisa ambako mbwa, kenge na fisi hawafiki. Na nguruwe pori usimpe mamba mbichi hata kama umeletewa bure. Nguruwe wa kufugwa anayezurura majalalani pia mimi simwamini.

Kwa hiyo nyama ya mamba tusile?

Kula, ila iive. Iive mpaka katikati, ukiwa na kipimajoto iwe imefika nyuzi 71 za Selsiasi, ukiwa huna basi isibaki rangi ya waridi wala maji maji ndani. Hii habari ya kuichoma juu juu ili ibaki laini kama wanavyopenda watalii wengine, hapana. Trichinella papuae imeshaumiza watu Thailand waliokula nguruwe pori asiyeiva, kwa hiyo nyama ya mnyama anayebeba ndugu yake usiifanyie majaribio. Kuchemsha kunatosha, kukausha juani au kupaka chumvi na moshi kidogo hakutoshi.

Kugandisha je? Kwa nyama ya nguruwe kipimo kinachotumika ni siku 20 kwenye baridi ya -15, kipande kisizidi unene wa sentimita 15. Ukifanya hivyo hivyo kwa mamba uko upande salama, lakini sufuria ni rafiki wa uhakika zaidi.

Mkaguzi wa nyama aliangalia kwa macho akasema safi. Inatosha?

Haitoshi. Hii Trichinella ya mamba haijitengenezei kifuko kwenye msuli kama ile ya nguruwe, kwa hiyo hata ile njia ya zamani ya kubana kipande cha nyama katikati ya vioo viwili ukaangalia kwa hadubini inaweza kukupita. Kinachofanyika ni kuyeyusha nyama kwa pepsini, ile inayosaga nyama tumboni, na asidi kwenye joto, kama tumbo bandia vile, halafu unatafuta viluwiluwi kwenye masalia. Maabara kubwa za mifugo zinajua. Piga simu kwanza uulize wanataka msuli wa wapi na gramu ngapi, usipeleke tu mkia kwenye mfuko wa rambo.

Ngozi ya tumbo ina michoro michoro ya kupinda pinda. Mnunuzi kakataa. Ni nini?

Umeona jani la mchicha lililoliwa na funza ndani kwa ndani likabaki na njia nyeupe za kuzunguka? Ndo hivyo hivyo. Kuna mnyoo mwembamba kama uzi, Paratrichosoma, jike lake linatembea ndani ya ngozi ya tumbo likitaga mayai nyuma yake na kuacha hiyo njia. Mamba hasikii chochote cha maana, hafi, hakondi, ila ngozi ya tumbo ndo yenye bei, na michoro ile haifutiki hata baada ya kuchakata.

Huyu yeye ni wa udongo. Mamba anayelalia ardhi tupu na tope anampata, anayelelewa kwenye sakafu ya saruji inayosuguliwa anakuwa salama, na wazee wa uzazi waliotoka porini mara nyingi wanakuja nayo tayari. Kwa hiyo kundi la kuuza ngozi liwe kwenye saruji tangu siku ya kwanza. Saruji laini lakini, piga lipu vizuri, manake saruji ya kukwaruza itakutia vidonda vya miguu na tumbo halafu umekimbia chui umeingia kwa simba.

Dalili za minyoo kwa mamba ni zipi?

Hapa wengi wanataka orodha na mimi sina ya kuwapa kwa moyo mweupe. Kukonda shingo na mkia, kifaranga anayejitenga, anayekataa kula, anayeelea upande mmoja, anayepumua mdomo wazi hata kukiwa hakuna joto (mamba kufungua mdomo juani ni kawaida, usikimbie), kudumaa wakati wenzake wanakua. Hayo yote yanaweza kuwa minyoo na yanaweza kuwa baridi, msongamano, koksidia (vijidudu vya utumbo), maji machafu au hofu tu ya watu wanaogonga uzio. Kwa kweli ukiniletea vifaranga kumi wanaodumaa nitauliza joto la maji kabla sijauliza minyoo. Maji yakiwa chini ya 28 au yanapanda na kushuka usiku na mchana, rekebisha hilo kwanza, vifaranga wanataka kama 30 hadi 32 bila kuyumba.

Kupima kinyesi kunasaidia?

Kunasaidia nusu. Shida ya kwanza mamba anajisaidia majini, mpaka ukiokote kimeshachanganyika. Bora ukipate asubuhi kwenye sehemu kavu au daktari asafishe kidogo kwa maji ya chumvi kule nyuma wakati mamba ameshikwa kwa shughuli nyingine. Shida ya pili, na hii imewadanganya hata wasomi, ukimlisha mamba samaki au kuku mzima na matumbo yake basi mayai ya minyoo ya samaki na kuku yanapita tu njiani yanatokea upande wa pili, maabara inaandika ana minyoo kumbe ni ya kuku wa juzi. Rudia kipimo baada ya kumlisha nyama tupu kwa muda. Shida ya tatu, Trichinella na yule wa ngozi humpati kwa kinyesi hata upime mwaka mzima.

Kipimo kinachosema ukweli zaidi ni kumpasua aliyekufa. Kila kifaranga anayekufa apasuliwe siku hiyo hiyo, kabla hajaoza, fungua tumbo, fungua utumbo wote kwa urefu, fungua koo la hewa na mapafu uyakate kate kwenye maji safi ndani ya beseni jeupe uone kinachoelea. Unachokiona kitie kwenye spiriti kali, andika tarehe na namba ya bwawa kwa penseli, wino unafutika humo. Mfu aliyetupwa porini bila kufunguliwa ni hela umeitupa.

Dawa gani? Jirani ana ivermectin ya ng'ombe.

Jirani abaki nayo. Siyo kwamba haitumiki kwa mamba, madaktari wanaitumia, kama wanavyotumia fenbendazole kwa minyoo ya mviringo na praziquantel kwa wale bapa, lakini kipimo ni kwa uzito wa mamba yule, na mamba wa mita mbili kumkadiria uzito kwa macho ni kubahatisha. Daktari wa mifugo aseme, akikwambia hajawahi kutibu mamba basi akaulize wenzake, si aibu. Na sikiliza, kama umefuga kobe au kasa bwawa moja na mamba kwa ajili ya wageni, ivermectin inaua kobe. Wanapooza, wanakufa. Dawa uliyoitia kwenye samaki ikiangukia kwa kobe umemmaliza.

Wale wa mapafu hakuna dawa ya kutegemea, na hata ukifanikiwa kuwaua kwa mkupuo wanaozea ndani ya mapafu, unakuwa umebadilisha ugonjwa tu. Viluwiluwi vilivyokwisha kaa kwenye misuli navyo usijidanganye.

Nimpe dawa kila miezi mitatu kama mbuzi?

Hapana. Mbuzi anakula majani yenye mayai kila siku, mamba wako anakula unachompa. Ukirekebisha chakula, kumpa dawa kila mara ni kumsumbua bure, na mamba aliyekamatwa kamatwa anakataa kula wiki.

Klorini kwenye maji itaua mayai ya minyoo?

Mayai ya chango yana ganda gumu, klorini ya kiasi ambacho mamba anavumilia hayaitambui. Klorini ni ya bakteria. Kwa mayai ni kumwaga maji yote, kusugua, kuacha sakafu ipigwe na jua mpaka ikauke kabisa. Konokono ukiwaona kwenye kuta waokote.

Vichwa na matumbo ya kuku kutoka machinjioni ni salama?

Kwa minyoo ya mamba, ndiyo, salama kuliko samaki wa bwawani. Kwa salmonela siyo. Viwe vya siku hiyo au vigandishwe, na usilishe kuku waliokufa wenyewe bila kujua wamekufa na nini.

Kuna vitu vyeusi vimening'inia kwenye fizi na makwapa ya mamba. Ndo minyoo?

Ni ruba. Wapo wa mamba hasa, na wanabeba vijidudu vya damu vya mamba, ingawa kwa kijidudu kimoja, Hepatozoon, ilishaonyeshwa Uganda miaka ya 1930 kwamba mbung'o ndo anakipeleka, mamba anammeza mbung'o aliyemuuma mwenzake. Kwa mamba mzima ruba wachache si neno. Wakiwa wengi ujue bwawa lina matope na halijakaushwa siku nyingi. Usiwavute kwa mkono kwenye mdomo wa mamba, nasema hivi kwa sababu mtu alishaniuliza.

Tunaletewa mamba mkubwa aliyekamatwa kijijini baada ya kusumbua watu. Tumweke na wengine?

Mweke peke yake, bwawa lake, maji yake yasitiririke kwenda kwa wengine, ndoo yake na fagio lake. Huyo chukulia ana kila kitu nilichotaja hapa, na hutaweza kumsafisha akaisha. Kama ni wa kuzalisha, sawa, mayai yake yatatoka safi kama nilivyosema, yachukue uyaangulie mbali naye. Vifaranga wasije wakawekwa chini ya mfereji wake hata kama ndo nafasi pekee iliyobaki, na yule kijana wa ndoo aanze asubuhi kwa watoto ndo amalizie kwa yule mzee, siyo kinyume.